Naloksoni nyumbani: jinsi ya kuipata Uganda na kumwokoa mtu aliyezidiwa na heroini, mofini au tramadoli

Maswali yanayonifikia ni yale yale, yawe yametoka Kisenyi, Bwaise, Busia au Malaba. Dawa hii inapatikana wapi? Mtu asiye daktari anaweza kumdunga mwenzake? Nikimdunga, kumbe hakuwa amezidiwa, nitamuua? Nimeona bora niyajibu yote mahali pamoja, uyasome leo ukiwa umetulia, maana siku yenyewe hutakuwa na nafasi ya kusoma.

Nakuandikia wewe unayeishi na mtu anayetumia unga, yaani heroini. Nakuandikia wewe unayetumia mwenyewe pamoja na wenzako, na wewe wa boda boda unayefanya kazi usiku. Pia wewe unayemuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani na una chupa ya mofini ya maji. Huyu wa mwisho watu humsahau. Hospice Africa Uganda ilianza kazi mwaka 1993, na tangu hapo mofini ya kunywa imewapunguzia maumivu wagonjwa wengi wa nchi hii, tena bila malipo. Ni dawa njema na mgonjwa wako asinyimwe. Lakini chupa ile ikiachwa mezani na mtoto akainywa, hatari yake ni ile ile ya heroini.

Machache ya kujua kwanza

Heroini, mofini, kodeini, pethidini, tramadoli na methadoni ni ukoo mmoja, huitwa opioidi. Zikizidi mwilini, ubongo husahau kuamrisha pumzi. Mtu hufa kwa kukosa hewa. Naloksoni huziondoa opioidi pale zilipojishika kwenye ubongo, na pumzi huanza kurudi ndani ya dakika 2 hadi 5. Hailevyi wala haileti uraibu, na asiye na opioidi mwilini haimdhuru.

Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 1983. Mwaka 2014 likapendekeza wazi kwamba watu wanaoweza kumkuta mtu amezidiwa, yaani marafiki, familia na watoa huduma wa mitaani, wapewe dawa hii na wafundishwe kuitumia. Kwa hiyo jibu la swali la pili ni ndiyo, anaweza. Marekani iliruhusu ile ya kupuliza puani iuzwe bila cheti cha daktari mwaka 2023. Kwetu kwa sehemu kubwa bado ni dawa ya kabati la hospitali, na mimi nasema hapo ndipo tunapopotezea watu. Ampuli, yaani kichupa cha kioo chenye dawa, iliyoko hospitali ya Mulago haimfai kijana aliyelala sakafuni Bwaise saa tano usiku. Dawa inatakiwa iwe ndani ya nyumba ile ile.

Vya kuwa navyo kabla

- Ampuli za naloksoni zisizopungua 2, ukiweza 3. Ya kawaida ina miligramu 0.4 katika mililita 1.
- Mabomba mapya ya sindano ya mililita 2, moja kwa kila ampuli na moja la akiba. Sindano iwe ndefu ya kufika kwenye msuli, inchi 1 hadi inchi 1 na nusu. Zile fupi za insulini hazifai.
- Pamba au kitambaa safi, na glavu ukizipata.
- Kopo gumu lenye kifuniko la kutupia sindano iliyotumika.
- Namba ya simu ya mtu mwenye gari anayeishi karibu na anayepokea simu usiku, namba ya kituo cha afya kilicho wazi saa 24, na namba ya dharura ya polisi, 999 au 112. Ziandike kwenye karatasi, maana simu huzima.
- Mtu wa pili anayejua boksi liko wapi. Kama wewe ndiye mtumiaji, hili lina uzito kuliko yote, kwa sababu aliyezidiwa hawezi kujidunga.

Hatua za kuipata

1. Anza kwa mhudumu wa afya anayekufahamu, iwe kituo cha ngazi ya III, cha IV au hospitali. Usizunguke. Mwambie: "Daktari, ninaishi na mtu anayetumia heroini. Naomba uniandikie naloksoni ya kuweka nyumbani na unioneshe kuidunga." Cheti kitaje jina la dawa, nguvu yake na idadi ya ampuli. Kama ndugu yako anapata methadoni katika hospitali ya Butabika, uliza pale pale. Kliniki ile ilifunguliwa 2020 na wahudumu wake wanayafahamu haya. Kama una mgonjwa wa mofini, muulize muuguzi anayewatembelea. Una mtoto mdogo nyumbani? Siku hiyo hiyo uliza kipimo cha mtoto na ukiandike juu ya boksi.

2. Watafute Uganda Harm Reduction Network, shirika linalowasaidia watu wanaotumia dawa za kulevya, walioko Kampala tangu 2008. Wanafanya kazi na waelimishaji rika, yaani watu waliowahi kutumia au wanaotumia, na hakuna swali utakalowauliza likawashangaza. Hata mzazi anaweza kwenda. Waulize mambo mawili: naloksoni ipo sasa hivi? Mafunzo ni lini?

3. Ukienda kununua, nenda famasi yenye mfamasia, pamoja na cheti chako. Kiduka cha panadoli cha mtaani hakitakuwa nayo. Piga simu kwanza kwenye famasi kadhaa, kwa kuwa nyingi haziiweki na utamaliza nauli bure. Soma boksi herufi kwa herufi, liwe limeandikwa *naloxone*. Kuna dawa nyingine inayoitwa *naltrexone*, ya vidonge, ya kumsaidia mtu aliyekwisha kuacha asirudie. Ukimpa mtu anayekata roho haitamsaidia kitu. Nimeona watu wakirudi nyumbani na hiyo, wamefurahi kwamba wameipata.

4. Fanya mazoezi kwa bomba la sindano, maji safi na chungwa. Vuta maji, toa hewa, choma ganda, sukuma. Rudia mpaka vidole vizoee, kisha lile bomba la mazoezi litupe kwenye kopo.

5. Itunze. Isipate joto la zaidi ya nyuzi 25, isipigwe na mwanga, ikae ndani ya boksi lake. Chumba cha mabati mchana ni tanuri, kwa hiyo iweke chini, upande usiopigwa na jua. Wa boda boda, usiiache chini ya kiti cha pikipiki.

Kuhusu polisi, kwa kuwa ndilo linalowatia watu hofu zaidi: sheria ya dawa za kulevya ya Uganda ilibatilishwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2023, kisha Bunge likapitisha nyingine. Kukutwa na heroini bado ni kosa. Naloksoni si dawa ya kulevya. Itembeze ndani ya boksi lake pamoja na cheti na sindano ambazo hazijafunguliwa. Usiichanganye kwenye mfuko mmoja na kete za unga au sindano zilizotumika, utajitafutia maelezo marefu usiyo na sababu ya kuyatoa.

Hatua za kumwokoa mtu

1. Mwite kwa sauti, mtikise mabega. Asipoitika, kunja ngumi na usugue kwa nguvu fundo za vidole katikati ya kifua chake, juu ya mfupa. Inauma. Aliyelewa tu atakunja uso, atasukuma mkono wako au atakutukana. Aliyezidiwa hatafanya lolote.

2. Tazama pumzi kwa sekunde 10. Weka shavu lako karibu na mdomo wake huku ukitazama kifua. Pumzi moja au hakuna kabisa ndani ya muda huo, ni hatari. Funua kope: mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Kwa ngozi yetu nyeusi usisubiri kuona ubluu usoni. Angalia ndani ya midomo, ufizi na kucha, vinageuka rangi ya majivu.

   Sikiliza pia mlio. Kuna kukoroma kwa mtu aliyechoka, kunakwenda kwa mpigo mmoja. Na kuna kule kwa aliyezidiwa: kuzito, kama maji yanayochemka kooni, halafu kimya kirefu, halafu tena. Watu wengi waliofia nyumbani walisikika wakikoroma hivyo na wenzao wakasema "mwacheni alale." Mtu anayetumia unga akikoroma namna hiyo, mwamshe. Akikasirika, akasirike.

3. Ita msaada. Piga kelele majirani waje. Mtaje mtu mmoja kwa jina umpe kazi: "Wewe, piga simu ya gari." Ukisema tu "jamani, mtu aite gari," kila mmoja atamsubiri mwenziwe. Kwenye simu anza na "mtu hapumui" na mahali mlipo. Mengine utaeleza baadaye.

4. Fungua njia ya hewa. Mlaze chali pagumu, sakafuni ni bora kuliko kitandani. Ondoa chochote unachokiona mdomoni: chakula, matapishi, jino la bandia. Mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole viwili vya mkono mwingine chini ya kidevu, inamisha kichwa nyuma. Wengine huanza kupumua hapo hapo, kwa kuwa ulimi ulikuwa umeziba koo.

5. Mpulizie pumzi. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko popote. Mtu huyu anakosa hewa, na hewa unayo wewe sasa hivi, kabla hata boksi halijafunguliwa. Bana pua yake, funika mdomo wake wote kwa wako, puliza mpaka uone kifua kinainuka. Anza na pumzi 2, kisha pumzi 1 kila baada ya sekunde 5. Hesabu kwa sauti. Kifua kisipoinuka, rekebisha kichwa na ujaribu tena. Ukiwa na kitambaa chepesi, kitandaze juu ya mdomo wake.

   Kama hapumui kabisa na haoneshi dalili yoyote ya uhai, bonyeza kifua pia: viganja viwili katikati ya kifua, chini sentimita 5 hadi 6, mara 30 kwa kasi ya mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, na kurudia.

6. Andaa dawa. Kama mko wawili, mmoja apulizie, mwingine aandae. Simamisha ampuli, igonge kwa ukucha mpaka maji yote yashuke chini ya shingo. Funga shingo kwa pamba, elekeza upande wa kuvunjia mbali na wewe, vunja mara moja kwa kujiamini. Kwenye mafunzo wanaojikata ni wale wanaovunja polepole, wakiielekeza kwao, bila pamba. Ingiza sindano bila kugusa kingo za kioo, vuta mililita yote 1, geuza bomba juu, sukuma hewa itoke.

7. Dunga. Msuli wa nje wa bega, au paja upande wa nje katikati ya nyonga na goti. Paja ni rahisi kwa anayeanza, ni kubwa na huwezi kulikosa. Nguo nyepesi si kizuizi, choma juu yake. Ingiza sindano wima, yote, sukuma dawa mpaka iishe, chomoa. Usitafute mshipa. Mishipa ya mtu anayejidunga mara nyingi imeshajificha, na kila sekunde unayoitafuta ni pumzi anayoikosa.

   Ukiwa na ile ya puani, ya miligramu 4: ingiza ncha yote kwenye tundu moja la pua, bonyeza kitufe mara moja. Usiijaribu hewani kwanza. Ina dozi moja tu, ukiijaribu umeimaliza.

8. Rudi kwenye pumzi. Kudunga hakujamaliza kazi. Endelea kumpulizia dakika 2 hadi 3. Asipoanza kupumua mwenyewe, dunga ampuli ya pili, au puliza ya pili kwenye tundu jingine la pua. Lengo ni apumue vizuri. Si lazima aamke na kuongea, kwa hiyo akipumua sawasawa usimdunge tena ili tu afumbue macho.

9. Mlaze ubavu. Mkono wa upande wako unyooke mbele, mkono wa mbali uwe chini ya shavu lake, goti la mbali likunjwe, mvute aje upande wako. Kidevu kielekee juu kidogo. Akitapika, matapishi yatoke nje, yasiingie mapafuni.

10. Mpeleke hospitali, na usimwache. Naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90, kisha huisha nguvu. Opioidi inaweza kubaki zaidi ya hapo, na mtu aliyekuwa ameketi anazungumza akazama tena. Kwa methadoni hatari hiyo ni kubwa, kwa kuwa hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Akikataa kabisa kwenda, kaeni naye angalau saa 2 hadi 3, macho kwenye kifua chake, ampuli iliyobaki iko karibu. Ukifika hospitali mwambie mhudumu ukweli wote: alitumia nini, saa ngapi, umemdunga ngapi na saa ngapi.

Makosa yanayoua

*Maziwa.* Kwetu kila aliyekunywa kibaya hupewa maziwa. Mtu asiyejitambua hawezi kumeza, maziwa yataingia mapafuni. Hivyo hivyo maji, chai, limau na mafuta. Usimpe kitu mdomoni.

*Kumdunga maji ya chumvi au maziwa.* Hayaondoi opioidi hata kidogo, na ya maziwa huleta maafa mapya.

*Kummwagia maji ya baridi, kumzaba makofi, kumtembeza.* Vyote hivi vinakula dakika ambazo angekuwa anapuliziwa.

*Kumbeba kwa boda boda katikati ya watu wawili.* Namwelewa anayefanya hivyo, foleni ya Kampala sote tunaijua. Lakini kichwa kinaangukia kifuani, koo linaziba, na hakuna anayeweza kumpulizia. Dunga na umpulizie kwanza hapo hapo. Gari lije, alazwe ubavu kwenye kiti cha nyuma na mtu akae naye.

*Kumrudishia unga akiamka na arosto, yaani mateso ya kukosa dawa.* Ataamka akitapika, anatetemeka, ana hasira, pengine hata anakulaumu umemharibia. Mwambie kwa upole: "Ulikuwa umeacha kupumua. Hii itaisha." Arosto ya naloksoni huisha dawa inapoisha. Akitumia tena kabla ya hapo, kipimo kipya kitakutana na kile cha zamani.

Wa kuangaliwa zaidi ni aliyetoka gereza la Luzira, aliyetoka kwenye nyumba ya kuachia dawa, au aliyekaa hata wiki chache bila kutumia. Mwili umesahau, yeye anakumbuka kipimo chake cha zamani. Wiki mbili za kwanza ndizo mbaya zaidi. Ndugu akitoka gerezani, naloksoni iwe ndani ya nyumba kabla hajafika. Na anayechanganya na pombe kali ya waragi au vidonge vya kutuliza vya valiamu naye yuko kwenye kundi hili.

Mambo yakikwama

*Nimedunga mbili na hakuna mabadiliko.* Endelea kumpulizia mpaka mfike hospitali. Kama una ya tatu, itumie. Huenda pia alichotumia si opioidi peke yake: naloksoni haiondoi pombe, valiamu wala kokeni. Pumzi zako humsaidia kwa vyote hivyo.

*Sijui alitumia nini.* Hapumui vizuri na haamki? Dunga.

*Ni mjamzito.* Dunga. Mama asipopumua, mtoto hapati hewa. Kisha hospitali haraka, kwa sababu arosto inaweza kuamsha uchungu.

*Amemeza tramadoli na anapigwa degedege.* Degedege la tramadoli haliondolewi na naloksoni. Ondoa vitu vigumu karibu naye, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni. Likitulia angalia pumzi. Ikiwa ndogo, dunga na umpulizie. Huyu ni wa hospitali bila mjadala.

*Ni mtoto aliyekunywa mofini.* Mpulizie kwa pumzi ndogo, kiasi cha kuinua kifua chake tu, huku mkikimbilia hospitali na chupa mkononi. Kipimo cha dawa fuata kile ulichoandika kwenye boksi, au mpigie mhudumu mkiwa njiani.

*Ampuli imevunjika vibaya, dawa imemwagika nusu.* Vuta iliyobaki, dunga, kisha vunja nyingine.

*Muda wa dawa umepita na sina nyingine.* Itumie. Dawa dhaifu ni bora kuliko mkono mtupu. Lakini kama maji yake yamebadilika rangi au yana chembe, iache uendelee na pumzi.

*Nimejichoma na sindano iliyomdunga.* Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo uombe dawa za kinga ya VVU. Zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na zisipite saa 72.

*Nimemaliza ampuli zote.* Kopo la sindano lipeleke kituo cha afya likateketezwe, na hapo hapo omba cheti kingine. Boksi lisilale tupu wakati mtu huyo bado anatumia.